Ejensi wanasema "ni bajeti ya jimbo, hamna la kufanya": ni kweli?

Swali nimelifupisha kidogo, limetoka kwa dada mmoja aliyeko Indianapolis:

"Kaka habari, nina mtoto wa miaka 9 mwenye mtindio wa ubongo, hatembei na analishwa kwa mpira wa tumboni. Zamani nilikuwa nalipwa kwa masaa kumhudumia, 2024 wakabadilisha nikawekwa kwenye ile ya kulipwa kwa siku. Sasa imekuja barua wanamshusha kutoka leveli ya tatu kwenda ya pili, ejensi wanasema ni bajeti ya jimbo, kila mtu kakatwa, hamna la kufanya. Mama mkwe naye ana miaka 68, alipata kiharusi, tumeomba msaada wa nyumbani tukaambiwa kuna foleni, lakini hospitali wanasema tukitaka nesing homu nafasi ipo hata wiki hii. Sielewi, nesing homu si ndo ghali zaidi? Na hii bajeti anaamua nani, naweza kupinga?"

Dada, pole kwanza. Nikujibu kwa kunyoosha: ejensi (kampuni inayosimamia huduma za nyumbani) wamekuchanganyia vitu viwili visivyokaa chungu kimoja. Kilichotokea 2024 kweli kilikuwa uamuzi wa bajeti, kiligusa wazazi wa Indiana nzima, na mtu mmoja mmoja kukipinga kwa barua yake ilikuwa kazi ngumu. Hii barua ya sasa ni kitu kingine. Imemtaja mtoto wako, imesema leveli yake imeshuka, maana yake kuna mtu alijaza fomu kuhusu mtoto wako akampa alama pungufu kuliko zamani, na hiyo unaipinga, tena ina siku zake za kuhesabu. Kwa hiyo kabla hujaendelea kusoma (najijua, nitakuwa mrefu) chukua hiyo barua uangalie tarehe mbili, tarehe iliyoandikwa na tarehe wanayosema mabadiliko yataanza.

Sheria ya serikali kuu kuhusu Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo na walemavu, ndo inayolipia hizi huduma) inasema ukipunguziwa huduma lazima utumiwe barua angalau siku 10 kabla ya mabadiliko kuanza, na ukiomba rufaa kabla ya hiyo tarehe ya kuanza basi huduma inabaki kama ilivyokuwa mpaka kesi yako isikilizwe na kuamuliwa. Ukichelewa siku moja bado unaweza kuwa na haki ya rufaa, siku za mwisho za kuiomba zimeandikwa humohumo kwenye barua, ila utasubiri ukiwa umeshapunguziwa na hapo ndo watu wengi wanakata tamaa. Kuna angalizo moja ambalo lazima nikwambie usije ukanilaumu, kama ukishindwa kwenye rufaa jimbo lina haki ya kudai gharama ya ile tofauti uliyoendelea kupewa. Kwa mtoto unayemweleza hapa mimi ningeomba bila kusita, lakini uamuzi ni wako na baba yake.

Omba kwa maandishi. Usipige simu tu ukaambiwa "tumekuelewa dada", andika, weka tarehe, piga picha, na kama unatuma kwa posta chukua risiti. Alafu kwenye hiyohiyo barua omba nakala nzima ya tathmini aliyofanyiwa mtoto, ya mwaka huu na ya mwaka uliopita, uziweke pembeni kwa pembeni uone ni swali gani limebadilika.

Na hapa nikae kidogo manake hapa ndo watu wetu tunaumia kuliko sehemu yoyote. Yule kesi meneja au nesi anayekuja nyumbani kufanya tathmini anauliza "mtoto anaendeleaje?" na sisi tumelelewa kujibu "hajambo, tunamshukuru Mungu, anaendelea vizuri". Anauliza usiku analala? unasema analala. Kumbe analala kwa sababu wewe umeamka mara tatu kumgeuza asipate vidonda na kuangalia mpira haujaziba, lakini hujasema, kwa sababu kwako hiyo sio kazi, ni mtoto wako. Basi yeye anaandika: analala usiku mzima. Anauliza anakula? anakula. Hujasema kila mlo ni dakika 40 na lazima akae kwa pembe fulani asije akapaliwa. Nimefanya kazi ya kuratibu huduma za nyumbani miaka mingi na nimeona familia ya Kimarekani na familia ya kwetu zenye watoto wa hali ileile kabisa, ya kwetu inatoka na alama ndogo kwa sababu ya adabu na kwa sababu mama hakutaka kumsema vibaya mtoto wake mbele ya mgeni. Ile fomu haimsemi vibaya mtu, inahesabu kazi. Kwa hiyo wiki hii andika kila kitu unachomfanyia kwa saa 24, kwa siku kadhaa, saa ngapi umemgeuza, saa ngapi umemlisha, mara ngapi umembadilisha, nani alimnyanyua kumtoa kitandani na mtoto sasa ana kilo ngapi. Mtoto wa miaka 9 sio yule wa miaka 5, amekuwa mzito, kumhudumia kumekuwa kugumu zaidi, sasa leveli inashukaje? Swali hilohilo ndo mwambie daktari wake alijibu kwa barua.

Na usikubali mtu wa ejensi awe mkalimani wako kwenye tathmini, yule analipwa kwa hiyo kazi hata kama ni mtu mzuri. Mkalimani wa Kiswahili ni haki yako bila malipo, kwenye tathmini na kwenye rufaa pia, huo ni msimamo wa Sheria ya Haki za Kiraia tangu 1964 kwa kila ofisi inayopokea hela ya serikali kuu. Sema unataka Kiswahili, na kama ni cha Congo unachoelewa zaidi sema hivo, maana ukipewa mkalimani wa Mombasa kuna maneno mtapishana.

Sasa 2024. Desemba 2023 idara ya jimbo inayosimamia Medicaid, ile FSSA, ilitangaza kwamba makadirio yao yalikuwa yamekosea kwa karibu dola bilioni 1, dola milioni 984 kwa hesabu yao. Sababu kubwa waliyoitaja ni huduma za nyumbani kwa wazee na walemavu kukua haraka kuliko walivyotegemea, na ndani yake wakaonyesha kidole wazazi waliokuwa wanalipwa kwa masaa kuwahudumia watoto wao. Mwezi uliofuata wakatangaza kwamba kuanzia 1 Julai 2024 mzazi wa mtoto mdogo au mume na mke hawatalipwa tena kwa masaa, waende kwenye programu ya Structured Family Caregiving ambayo inalipa kwa siku kufuatana na leveli, na ndo hiyo uliyopo. Siku hiyohiyo ya Julai weva yenyewe (ile ruhusa maalum ya Medicaid kulipia mtu ahudumiwe nyumbani) ikagawanywa mbili, walio chini ya miaka 60 wakaenda Health and Wellness na wa 60 kwenda juu wakaenda PathWays for Aging ambayo inaendeshwa na kampuni za bima. Kwa familia nyingi ilikuwa ni kama mshahara mmoja wa nyumba umeondoka, maana mtu aliyekuwa anaandikiwa masaa 40 au 60 kwa wiki akajikuta na kiwango kimoja cha siku hata kama siku yake ina masaa 20 ya kazi.

Cha kuudhi, na hii nasema kama maoni yangu, ni kwamba mwaka wa fedha uliokwisha usiku ule wa kuamkia hiyo 1 Julai jimbo liliufunga likiwa na akiba ya zaidi ya dola bilioni 2.5. Kwa hiyo mtu akikwambia hela haikuwepo, ilikuwepo, ila ilikuwa imewekwa kwenye fungu la akiba na waliamua libaki hapo. Kuna hoja ya kweli upande wao pia, akiba ukiila kwa gharama inayorudi kila mwaka itaisha, na kweli Aprili 2025 makadirio ya mapato yalishuka kwa zaidi ya dola bilioni 2 wakalazimika kupandisha kodi ya sigara kwa dola 2 kila pakiti. Sawa. Lakini kuchagua nani abebe mzigo kwanza, hapo ndo bajeti inapoonyesha nani ana mtu wa kumsemea bungeni na nani hana.

Turudi kwa mama mkwe maana swali lako ndo swali lenyewe, kwanini kile cha ghali (nesing homu, makao ya kutunzia wazee na wagonjwa) kina nafasi na cha rahisi (huduma ya nyumbani) kina foleni. Jibu liko kwenye sheria ya 1965 iliyoanzisha Medicaid. Sheria ile ilisema kila jimbo LAZIMA lilipie nesing homu kwa mtu mzima anayestahili. Huduma za nyumbani za muda mrefu, yaani mtu wa kuja kukuogesha, kukupikia, kukuvalisha, nyingi ziliachwa kuwa hiari ya jimbo. Lazima na hiari, hapo tu. Mama mkwe akistahili nesing homu jimbo haliwezi kumwambia asubiri miaka miwili, litalipa. Akitaka kubaki nyumbani anahitaji weva, na weva jimbo linaruhusiwa kuweka idadi ya watu, ikijaa imejaa.

Hizo weva zenyewe zilikuja 1981, na zina historia ambayo inanigusa kwa sababu imetokea Cedar Rapids, Iowa, mji ambao leo una Wacongo wengi tu. Kulikuwa na mtoto anaitwa Katie Beckett, aliugua ugonjwa wa ubongo akiwa mchanga akawa anahitaji mashine ya kupumua, madaktari wakasema anaweza kukaa nyumbani lakini akitoka hospitali anapoteza Medicaid kwa sababu nyumbani mapato ya wazazi yanahesabiwa na hospitalini hayahesabiwi. Rais Reagan akalisema hadharani Novemba 1981 kama mfano wa ujinga wa kanuni, mtoto akarudi nyumbani, na mwaka huohuo bunge likapitisha utaratibu wa majimbo kuomba ruhusa ya kuruka kanuni na kulipia watu nyumbani. Katie aliishi mpaka 2012, akawa mtetezi mkubwa wa walemavu. Lakini ona, ule mlango ulifunguliwa kama ruhusa ya kuomba, haukuwa haki, na haujawahi kugeuzwa kuwa haki mpaka leo. Ndo maana nchi nzima kuna watu zaidi ya laki 6 kwenye foleni za weva.

Utasikia watu wanakwambia "kuna kesi ya Olmstead, foleni ni kinyume cha sheria". Nusu kweli. Mahakama Kuu 1999, kwenye kesi ya wanawake wawili wa Georgia, Lois Curtis na Elaine Wilson, waliokuwa wanawekwa hospitali ya serikali wakati madaktari wao walishasema wanaweza kuishi kwenye jamii kama watu wengine, ilisema kumfungia mlemavu kwenye taasisi bila sababu ni ubaguzi. Lakini hukumu hiyohiyo ikasema jimbo likiwa na mpango wa kweli na foleni inayotembea kwa kasi inayoeleweka, halijavunja sheria. Kwa hiyo foleni yenyewe hupingi. Unachoweza kupinga ni foleni iliyoganda, au kukatwa huduma kiasi kwamba mtu anasukumwa kwenda taasisi. Maneno hayo, kwamba bila huduma hii mtoto au mama atalazimika kuingia kwenye taasisi, kama ni kweli yaandikwe na daktari kwa maneno hayohayo kabisa.

Kwa mama, kwa vitendo: waulize CICOA, ndo ofisi ya wazee kwa Indianapolis na kaunti za jirani, mambo mawili. La kwanza kama yumo kwenye kundi lolote la kipaumbele, kwa sababu mtu anayetoka hospitali au nesing homu mara nyingi hawekwi foleni moja na aliyeko nyumbani, na kama bado yuko hospitalini sasa hivi usimtoe kabla hujauliza hilo. La pili uliza programu inayoitwa CHOICE, hiyo inalipiwa na hela ya jimbo lenyewe nje ya Medicaid, ni ndogo na inaweza kuwa na foleni yake lakini ukiwa foleni mbili sio dhambi. Alafu akishaingia PathWays kumbuka yuko chini ya kampuni ya bima, huko rufaa inaanza kwa kampuni kwanza, una siku 60, lakini kama unataka huduma isikatwe wakati unasubiri fanya ndani ya siku 10 tangu barua itumwe. Siku 60 inawadanganya wengi.

Haya, hela. Kwanini jimbo likikata huduma linapata faida ndogo kuliko maumivu linayoleta? Medicaid inalipiwa na pande mbili. Kila jimbo lina asilimia yake, ya chini ni 50 na Indiana iko kwenye 65 hivi, maana yake kila dola inayotumika kwa mtoto wako senti 65 zinatoka Washington na 35 ndo za jimbo. Sasa piga hesabu kinyume. Jimbo likitaka kuokoa dola milioni 1 ya kwake, inabidi likate huduma za karibu dola milioni 2.9, ile nyingine milioni 1.9 ni hela ya Washington ambayo inaacha tu kuja, inaacha kulipa mishahara Indianapolis, inaacha kununua vitu madukani Fort Wayne. Wabunge wanalijua hili, hata wahasibu wao wanawaambia, lakini majimbo karibu yote isipokuwa Vermont yana kanuni ya kusawazisha bajeti kwa namna moja au nyingine, hayawezi kukopa yakaendelea kama Washington inavyofanya, kwa hiyo mapato yakishuka mtu anatafuta fungu kubwa lenye neno hiari. Na huduma za nyumbani ni fungu kubwa lenye neno hiari.

Alafu hawakati kwa jina. Hakuna mwanasiasa atakayesimama aseme "napunguza huduma za walemavu". Wanagandisha reti, yaani kile kiwango jimbo linalipa ejensi kwa kila dakika 15 za kazi, kinabaki palepale wakati kodi za nyumba na chakula vimepanda. Ejensi hawezi kupandisha mshahara, mfanyakazi anahamia ghala la Amazon, na wewe barua yako inasema mtoto ana masaa 30 kwa wiki lakini mtu wa kuja hayupo. Kwenye makaratasi hujakatwa chochote! Au wanabana tathmini, fomu mpya, maswali mapya, watu wanashuka leveli kimyakimya. Au mtu akitoka kwenye weva nafasi yake hawampi mtu mwingine. Mwaka 2025 majimbo mengine yalikata wazi kabisa, Idaho ilishusha reti kwa asilimia 4 kuanzia Septemba, Colorado ikafuta nyongeza ya asilimia 1.6 iliyokuwa imeshaanza, North Carolina ikashusha asilimia 3 mpaka 10 kuanzia 1 Oktoba kwa sababu bunge halikuongeza hela. Ile ya North Carolina naitaja kwa sababu watu walienda mahakamani, wakiwemo wazazi wa watoto wenye otizimu, na Desemba gavana akatangaza reti zinarudishwa. Miezi miwili tu. Kwa hiyo hilo neno la "hamna la kufanya" wamwambie mtu mwingine.

Na tusisahau kwamba nusu ya wanaosoma hapa wako upande wa pili wa hizo reti, sisi ndo tunaofanya shifti za usiku kwenye grupu homu na nesing homu. Reti ikiganda ni mshahara wako umeganda. Maine, ambako Wacongo na Wanyarwanda wengi wanafanya hizi kazi, walipitisha sheria 2021 kwamba reti zao za Medicaid lazima zitoshe kumlipa mhudumu angalau asilimia 125 ya kima cha chini cha mshahara. Wakati wa bajeti ngumu nyongeza za wahudumu ni kati ya vitu vya kwanza kupendekezwa kuahirishwa, lakini angalau kuna sheria ya kushikia. Indiana kitu kama hicho hatuna.

Anaamua nani, basi. Bajeti ya Indiana ni ya miaka miwili, inatungwa mwaka wa witiri. Gavana anapeleka pendekezo Januari, linaanzia kwenye kamati ya Ways and Means ya baraza la wawakilishi 100, Februari hivi linakwenda seneti yenye watu 50, kamati inaitwa Appropriations, katikati ya Aprili yanatoka makadirio ya mapato ya mwisho na hapo ndo mambo yanageuka usiku kwa usiku, mwisho wa Aprili wamemaliza, na 1 Julai inaanza kutumika. Kwa hiyo kikao kikubwa kinachofuata ni Januari mpaka Aprili 2027. Mwaka wa shufwa wanakaa kikao kifupi, hela hawafungui sana. Barua unayopata wewe Agosti iliandikwa tangu Februari, kelele za Agosti zinasaidia kidogo sana. Kelele za Februari, mama mmoja na mtoto wake kwenye kiti cha magurudumu mbele ya kamati, dakika zake tatu, nimeona zikibadilisha sentensi kwenye muswada. Ukienda usianze na historia ya nchi yetu na vita, anza na jina la huduma, reti, na nini kitatokea kwa mtoto wiki ya kwanza ikiondoka.

Kuna mlango wa pili ambao hata wanaharakati wengi wanausahau. Jimbo haliwezi kubadilisha weva kwa maana kubwa bila kuomba kibali Washington, na kabla ya kuomba lazima liweke mapendekezo hadharani kwa angalau siku 30 watu watoe maoni. Maoni yanaandikwa hata kwa imeili, na wanatakiwa kueleza walipokea nini. Hapo barua 200 fupi za wazazi tofauti zina uzito kuliko barua moja iliyosainiwa na watu 200.

Ile sheria kubwa ya kodi na matumizi ya serikali kuu iliyosainiwa 4 Julai 2025 sasa, manake najua utaniuliza. Ofisi ya bajeti ya bunge la Marekani inakadiria itapunguza hela ya serikali kuu kwenye Medicaid kwa zaidi ya dola bilioni 900 ndani ya miaka 10. Haikutaja huduma za nyumbani zikatwe, hapana, wanasema hivo na ni kweli kwa herufi. Lakini mojawapo ya njia zake ni kubana zile kodi ambazo majimbo yanatoza hospitali ili kupata ule mchango wa jimbo, kuanzia 2028 kwa majimbo yaliyopanua Medicaid (yaliyoingiza watu wazima wengi zaidi wa kipato kidogo), na Indiana ilipanua. Na nesing homu? zimesamehewa kwenye kubanwa huko. Unaona mstari uleule wa 1965 bado unatembea. Hela ikipungua jimboni, nesing homu ina kinga mbili, nyumbani kwako hakuna hata moja.

Humo ndani kuna kifungu ambacho wakimbizi lazima wakijue: kuanzia 1 Oktoba 2026 mtu mwenye hadhi ya ukimbizi au hifadhi ambaye hajapata grinikadi hastahili tena Medicaid ya serikali kuu. Mtoto wako kama kazaliwa hapa ni raia, haimhusu. Mama mkwe inaweza kumhusu. Kama alikuja kama mkimbizi na ameshapata grinikadi yuko salama, na ile kanuni ya kusubiri miaka mitano haimbani kwa sababu alianza kama mkimbizi. Kama hana, hii ni kazi ya wiki hii kuliko hata foleni ya weva, tafuta mwanasheria wa uhamiaji au ile ofisi iliyowapokea, sio jirani anayejaza fomu kwa dola 50.

Nimebakiza kitu kimoja kwa mtoto na nakiweka mwishoni ingawa pengine ndo chenye nguvu kuliko vyote. Chini ya miaka 21, Medicaid inalazimika kumpa mtoto kila huduma ya kitabibu iliyo kwenye orodha ya sheria ikiwa daktari anasema anaihitaji, hata kama jimbo halimpi mtu mzima huduma hiyo. Inaitwa EPSDT, iliongezwa nguvu 1989, na HAINA foleni. Nesi wa nyumbani, mhudumu wa afya wa nyumbani, fiziotherapi, vifaa, vyote vinaingia. Malipo yako ya siku hayamo, hayo ni ya weva. Lakini kama mtoto analishwa kwa mpira na ana hatari ya kupaliwa, daktari akiandika kwamba anahitaji masaa ya nesi nyumbani, hayo yanaombwa kwenye Medicaid ya kawaida na wakikataa unakata rufaa yake peke yake. Familia nyingi zimekaa kwenye weva miaka bila kuambiwa hili. Ukikwama piga simu Indiana Disability Rights au Indiana Legal Services, hawatozi, na waambie kabisa una barua yenye tarehe, usianze na salamu ndefu.

Na kuhusu kodi, kwa sababu nimekumbuka: hela unayolipwa ya kumhudumia mtoto anayeishi nyumbani kwako kwa weva, IRS ilishasema 2014 kwenye waraka namba 2014-7 kwamba sio mapato ya kukatwa kodi ya serikali kuu. Kama anayekujazia kodi amekuwa akiihesabu, mwambie aangalie miaka mitatu nyuma, unaweza kuwa unaidai serikali.